Mita 60 peke yake haichuji maji

Kando ya mito mingi ya Tanzania utakutana na kibao: marufuku kufanya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60. Namba hiyo imetoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Sina ugomvi na sheria yenyewe, maana ina mengine inayolinda: kingo zisimomonyoke, wanyama wapate pa kukaa. Ugomvi wangu ni namna tunavyoieleza, kana kwamba umbali ndio unaosafisha maji.

Hebu mfikirie mkulima wa mahindi. Kapandia DAP, kakuzia urea. Mvua kubwa ikinyesha, fosforasi nyingi husafiri juu ya ardhi ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo. Nitrati haishikani na udongo. Inayeyuka, inazama na kwenda mtoni chini kwa chini. Njia mbili tofauti, na kila moja ina kizuizi chake.

Ya juu inazuiwa na nyasi. Mashina yaliyosongamana yanapunguza kasi ya maji, udongo unatuama. Huko Virginia, Marekani, Dillaha na wenzake walichapisha vipimo vyao mwaka 1989: ukanda wa nyasi wa mita 9.1 ulinasa wastani wa 84% ya udongo uliobebwa na maji, na wa mita 4.6 ulinasa 70%. Soma tena hapo: mita nne na nusu tu! Ila hayo ni maji yaliyotandaa, yanayopita kama shuka jembamba. Walipotembelea mashamba halisi yenye miinuko, walikuta mikanda mingi haifanyi kazi, kwa sababu maji yalikuwa yameshajikusanya kwenye vijifereji na kukatiza nyasi moja kwa moja. Kijifereji kama hicho kinaweza kuvuka hata hizo mita 60.

Ya chini inahitaji udongo uliolowa, wenye mizizi na majani yaliyooza. Hewa ikiwa haba humo, bakteria hupumua kwa kutumia nitrati badala ya oksijeni, na naitrojeni inarudi angani ikiwa gesi. Mwaka 1984 Peterjohn na Correll walionyesha kwamba msitu wa kando ya kijito huko Maryland ulizuia 89% ya naitrojeni iliyouingia. Shamba la jirani lilizuia 8%. Lakini maji yakipita chini sana, mbali na mizizi, msitu hauambulii kitu.

Kwa hiyo siku ya kupanda miti, mnapofyeka matete na nyasi ili mistari ya mikaratusi ipendeze kwenye picha, mmeng'oa chujio mkasimika nguzo.

Na kuna mtu anayelipa gharama. Piga hesabu: ukanda wa mita 60 kwa kila mita 67 hivi za ukingo, upande mmoja tu, ni ekari nzima. Kwa mwenye ekari moja kwenye miteremko ya Uluguru, hilo ndilo shamba lake lote. Na vijito vya huko vinalisha Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Ukimwambia aondoke bila kumwonyesha kinachochuja maji, atasubiri mkague muondoke, kisha atarudi na jembe. Kenya, kwenye kanuni zao za maji za 2007, waliweka mita 6 hadi 30 kufuatana na upana wa mto. Nao bado wanapima kwa futikamba, lakini angalau mto mdogo hauhesabiwi sawa na mkubwa.

Mimi ningeanza na swali lingine: maji yanaingilia wapi? Masika yakianza, vaa gambuti, tembea ukingoni mvua ikiwa inanyesha. Utaona sehemu chache ambako tope lote linapita. Hapo ndipo pa kuweka mabingobingo mazito, na huko juu shambani fanya juu za kuyatawanya maji kabla hayajafika.