Hadithi Ndani ya Hadithi: Uhakiki wa Filamu ya Wojciech Has

Filamu ya Kipolandi Rękopis znaleziony w Saragossie (1965), iliyoongozwa na Wojciech Has, aghalabu husifiwa kwa mazingaombwe yake: mafuvu, mti wa kunyongea, na mabinti wawili Waislamu wanaomlaki Alfons van Worden usiku, naye asubuhi akajikuta kalala kando ya maiti. Sifa hizo ni za haki, ila zinakomea kwenye ganda. Uzito wa kazi hii umo katika jinsi masimulizi yake yanavyobebana.

Chanzo chake ni riwaya ya Jan Potocki (1761–1815), Mpolandi aliyeandika kwa Kifaransa. Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataitambua mbinu hiyo papo hapo. Hata hivyo, hadithi za Shahrazadi huahirisha kifo. Za Has hufumbuana. Mfano bora ni kisa cha Toledo. Yeye na rafikiye Aguilar wameahidiana kwamba atakayetangulia kufa atarudi kueleza habari za toharani. Aguilar anauawa, na usiku Toledo anasikia sauti dirishani. Hofu inamwingia, anatubu. Baadaye, katika tapo jingine la masimulizi ya Avadoro, kiongozi wa Wajipsi, inabainika kwamba sauti ile ilikuwa ya kijana mpenzi aliyeegemeza ngazi kwenye dirisha lisilo lake. Mtazamaji anacheka, kisha anajiuliza: je, toba iliyozaliwa na kosa ni toba? Has hajibu, na amefanya vyema.

Kwa sababu hiyo, waliozifupisha nakala za kuonyeshwa nje ya Polandi walikosea vibaya. Walidhani wanapunguza mapambo, kumbe wanang'oa majibu na kuyaacha maswali yakielea. Nakala kamili, ya takriban saa 3, ilirejeshwa katika miaka ya 1990, miongoni mwa waliosaidia wakiwamo Martin Scorsese na Francis Ford Coppola.

Zbigniew Cybulski, aliyevuma kwa Popiół i diament (1958) ya Andrzej Wajda, anamwigiza Alfons kama askari mwenye majivuno asiyejua kuwa anachezewa. Uigizaji huo ni wa hali ya juu. Wasiotendewa haki ni Emina na Zibelda: kamera inawatazama mno na kuwasikiliza kidogo, hata wakaishia kuwa chambo kuliko wahusika.