Kuijua Opera Kabla Pazia Halijafunguliwa

Wapo wanaoogopa kwamba hadithi ikijulikana mapema, utamu wake umekwisha. Kwa riwaya ya upelelezi hofu hiyo ina maana. Kwa opera haina, kwa sababu opera haikutungwa kwa ajili ya mtu anayesubiri kujua nani atakufa mwishoni. Imetungwa kwa ajili ya sikio linalokumbuka, na kulipa sikio kitu cha kukumbuka ni kazi inayoanza nyumbani, siku kadhaa kabla ya onyesho. Naiheshimu kazi hiyo kama ninavyoheshimu kazi ya waimbaji wenyewe.

Tuchukue Rigoletto ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Venice, katika ukumbi wa La Fenice, tarehe 11 Machi 1851. Kisa chake ni kifupi. Rigoletto, mwenye kibiongo, ni mchekeshaji katika kasri la Mtawala wa Mantua, mtu wa anasa anayechezea wake na mabinti za watu. Siku moja anamdhihaki mzee Monterone, ambaye binti yake amekwisha kuharibiwa na Mtawala, na mzee anamlaani. Kumbe Rigoletto naye ana binti, Gilda, amemficha nyumbani. Mtawala anampata. Baba anamkodi muuaji amuue Mtawala, lakini Gilda, aliyekwisha kumpenda mtu yule, anajipeleka mwenyewe auawe badala yake.

Ukishayajua haya, sikiliza muziki wa mwanzo kabisa. Tarumbeta na tromboni zinapiga noti moja, kwa sauti ya chini na mapigo mazito ya kukatika, zikiirudia na kuirudia. Mgeni atasema huu ni muziki wa huzuni, basi. Aliyejiandaa anajua kwamba ni noti hiyohiyo atakayoiimba Rigoletto usiku, akiwa njiani kurudi kwake, maneno ya yule mzee yakimrudia kichwani. Kwa hiyo laana imekwisha kutua kabla ya yeyote kufungua kinywa jukwaani. Verdi alikusudia hata kuipa opera yote jina la Laana.

Tena mtunzi mwenyewe anatuandaa. Katika tendo la tatu Mtawala anaimba wimbo mwepesi, wa kuchezacheza, kuhusu wanawake wasioaminika. Baadaye kidogo anauvumisha tena huku usingizi ukimchukua. Mara ya tatu sauti yake inatoka mbali, gizani, wakati Rigoletto amesimama juu ya gunia akishangilia kwamba adui yake yumo ndani. Hapo haambiwi na mtu kwamba aliyemo si yeye. Wimbo ndio unaomwambia. Hata mgeni atashtuka, maana ameusikia muda si mrefu. Lakini aliyeujua toka nyumbani anashtuka mapema zaidi, pale Mtawala anapouanza kwa mara ya kwanza na ukumbi mzima unatabasamu. Anausikia utamu wake pamoja na gunia.

Ugumu wenyewe uko katika wimbo wa watu wanne. Ndani ya kilabu cha muuaji, Mtawala anambembeleza Maddalena, dada wa muuaji. Nje, kwenye ufa wa ukuta, Gilda anachungulia na baba yake yuko ubavuni. Wote wanne wanaimba kwa pamoja, kila mmoja na lake. Ukifika hujajiandaa, utasikia uzuri mkubwa usioujua ni wa nani. Dawa ni kukaa na libreto, yaani kitabu cha maneno, pamoja na tafsiri yake, na kukirudia kipande hicho mara nne, kila mara ukimfuata mwimbaji mmoja tu. Mtawala ana wimbo mrefu wa kutiririka, wa mtu asiyewahi kukataliwa. Maddalena anajibu kwa noti fupifupi za harakaharaka, kicheko kitupu. Gilda anashuka kwa vipande vilivyokatwakatwa na pumzi, ndicho kilio chenyewe. Chini yao Rigoletto anasema machache, mazito, ya kisasi. Mara ya tano usimfuate yeyote. Waache wote wanne waje.

Zamani wasikilizaji wa Italia walinunua libreto na kuifuata ukumbini, kwa kuwa taa hazikuzimwa. Siku hizi kuna ubao wa tafsiri juu ya jukwaa. Kampuni ya opera ya Kanada ndiyo iliyouanzisha, Toronto, mwaka 1983. Ni msaada mkubwa, nami nashukuru upo. Ila jicho lililo juu kwenye ubao haliko kwa Gilda, na sauti nne haziingii katika mistari miwili ya maandishi.

Watu wa pwani hawahitaji kushawishiwa sana hapa. Mama anayeinuka katikati ya taarab kwenda kutuza hajashangazwa na ubeti, alikuwa akiungoja. Taarab yenyewe ilipata mengi kutoka Misri, na ni mjini Cairo, tarehe 1 Novemba 1869, nyumba ya opera ya Khedivi ilipofunguliwa, kwa Rigoletto hiyohiyo.

Ukipata nafasi, soma pia tamthilia ya Victor Hugo iliyozaa kisa hiki. Ilipigwa marufuku Paris mwaka 1832 baada ya usiku mmoja tu, kwani mwasherati wake alikuwa mfalme wa Ufaransa. Wakaguzi wa serikali ya Austria, iliyotawala Venice, nao hawakutaka kumwona mfalme wa namna ile jukwaani, ndipo akashushwa cheo akawa Mtawala, asiye na jina lolote la kwake katika opera nzima.

Maarifa haya yanakupa pia haki ya kubishana na waongozaji. Mwaka 1982, London, Jonathan Miller alihamishia kisa New York, kwa wahalifu wa Kiitaliano, na Mtawala akauanza wimbo wake kwa kutia sarafu katika mashine ya muziki ya baa. Naona alipatia kabisa: ni wimbo wa mtu anayeamini kila kitu kinanunulika kwa sarafu. Mwaka 2013 Metropolitan Opera ya New York ikakihamishia kisa Las Vegas, na Gilda akafia ndani ya buti la gari. Hapo nasita. Muziki wa Verdi unamtaka baba mwenye kibiongo aliburute gunia kuelekea mtoni kwa mikono yake, na buti la gari linampunguzia uzito ambao okestra bado inaubeba.