Istilahi 'jicho vivu' inampotosha mzazi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, Makongeni ukiwemo, si ajabu kumsikia mzazi akisema, "Daktari amesema jicho ya mtoto ni mvivu." Mwalimu wa sarufi atakimbilia upatanisho: jicho limo katika ngeli ya LI-YA, kwa hivyo tuseme jicho la mtoto ni vivu. Sawa, lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa limo katika istilahi yenyewe, na haliondoki kwa kubadilisha viambishi.

"Jicho vivu" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Inatuambia kwamba jicho lina uwezo, ila halitaki kazi. Sayansi inasema vingine, na ushahidi wake mwingi ulitoka kwa paka.

Mwaka wa 1941, Talbot na Marshall walionyesha kwamba eneo analoliona paka huchorwa kama ramani kwenye tabaka la juu la ubongo wake, upande wa nyuma. Ramani hiyo huheshimu ujirani. Nyumba mbili zinazopakana machoni pa paka aliyeketi juu ya paa Makongeni hupakana pia ubongoni mwake. Vilivyo kushoto kwake huchorwa upande wa kulia wa ubongo, na vya kulia upande wa kushoto. Hata hivyo, vipimo havilingani. Sehemu ndogo anayoikazia macho hupewa nafasi kubwa, na za pembeni hubanwa. Ni kama ramani ya Nairobi ambamo ploti moja ya Makongeni imechorwa kubwa kuliko Embakasi nzima.

Je, nafasi katika ramani hiyo ni ya kudumu? Mwaka wa 1963, Wiesel na Hubel wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha jibu. Waliziba jicho moja la paka mchanga kwa miezi miwili hadi mitatu ya mwanzo wa maisha yake. Walipolifungua, mwanga uliingia na retina ilifanya kazi. Lakini karibu seli zote za ramani sasa zilisikiliza jicho la pili tu. Paka aliyekomaa, hata akizibwa jicho kwa miezi, hakupata hasara hiyo. Kwa kazi yao kuhusu uonaji, wawili hao walikuwa miongoni mwa waliotuzwa Nobel mwaka wa 1981. Wahenga wetu walishasema: udongo uwahi ungali maji.

Mtoto wa binadamu naye yu vivyo hivyo. Akiwa na makengeza, au macho yake yakitofautiana sana kwa nguvu, au mtoto wa jicho akiziba upande mmoja, ubongo huegemea jicho moja na kulinyima lingine nafasi. Ndiyo maana daktari huziba jicho zuri, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile dhaifu.

Hapa ndipo istilahi inapodhuru. Mzazi anauliza, "Sasa mbona mnafunga jicho zima na kuliacha hilo vivu?" Anakitoa kitambaa wakifika nyumbani. Mwingine anangoja, maana uvivu humtoka mtoto akikua. Kumbe kadiri anavyongoja ndivyo udongo unavyokauka. Tiba hufaa zaidi katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya umri wa miaka 7.

Tazama tofauti na istilahi za Waswahili wenyewe. "Makengeza" hutaja kinachoonekana. "Mtoto wa jicho" hutaja kitu kilichoingia jichoni. Hakuna hata moja inayolilaumu jicho au kulibandika tabia.

Wapo watakaosema kwamba "jicho vivu" limeshazoeleka. Ni kweli, lakini mazoea si kigezo pekee cha istilahi. Istilahi ya afya sharti imwelekeze msikiaji kwenye tendo linalofaa. Ninapendekeza "jicho lililotengwa". Kilichotengwa kina mtengaji, naye ni ubongo. Na kilichotengwa huweza kurudishwa, mradi kisicheleweshwe.

Shime, wanaisimu na matabibu wa macho tuketi pamoja kabla ya kuwapa wazazi maneno. Mtoto huyu hana jicho vivu. Wavivu ni sisi tuliotafsiri bila kuuliza maana.