Kuipa Mwaka Picha Isiyo na Tarehe

Makumbusho nyingi zina kabati la picha zisizo na jina wala mwaka. Mtunzaji akikuta maandishi ya wino nyuma ya picha, huyanakili kwenye daftari na kazi ikaishia hapo. Kumbe maandishi hayo mara nyingi yaliandikwa na warithi, miaka mingi baada ya picha kupigwa. Shahidi madhubuti zaidi yumo ndani ya picha yenyewe. Picha za kale za Forodhani, Unguja, zinaonyesha vizuri namna ya kumhoji.

Kwanza, hakikisha picha haikuchapwa kinyume. Kwa anayetazama kutoka baharini, Ngome Kongwe iko kulia kwa jumba la Beit al-Ajaib. Ikiwa kushoto, picha imegeuzwa.

Kisha tafuta mpaka wa chini wa tarehe. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, hivyo picha inayoionyesha si ya kabla ya hapo. Baada ya hapo tazama mnara. Zamani mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia kasri kwa mizinga, kwa muda usiofika saa nzima. Jumba jirani la Beit al-Hukm likabomoka na mnara ukaharibika vibaya. Mnara wa saa uliofuata uliunganishwa na uso wa jumba. Basi mnara uliojitenga ni wa kabla ya shambulio, na ulioshikana na jumba ni wa baadaye.

Mpaka wa juu utauona baharini. Siku hiyohiyo ya shambulio meli ya Sultan, Glasgow, ilizama bandarini, lakini milingoti na dohani yake vikabaki juu ya maji hadi mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Picha yenye mnara ulioshikana na milingoti hiyo inaangukia kati ya 1896 na 1912. Na penye reli ya Bububu, iliyofunguliwa 1905, mpaka wa chini unasogea hadi mwaka huo.

Mtego mkubwa ni postikadi. Studio kama A. C. Gomes na Coutinho ziliuza picha zao kwa miaka mingi. Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja wa kadi mwaka 1902, kwa hiyo mgongo uliogawanywa hutusaidia kukisia kadi ilichapishwa lini. Muhuri wa posta nao unataja siku kadi ilipotumwa. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachotaja siku picha ilipopigwa: kadi iliyotumwa 1908 yaweza kuwa na mnara ulioharibiwa 1896.

Kwa watunzaji: msiandike mwaka mmoja pale ushahidi unapotoa kipindi. Andikeni “1896–1912”, na chini yake sababu: mnara, milingoti. Anayekuja baadaye ataweza kuukagua uamuzi wenu na, akipata ushahidi mpya, kuusahihisha. Wala msikate kingo za picha ili ipendeze. Mara nyingi ushahidi uko pembeni.