Fundi Anayejizuia
Fundi anayefufua kitako cha Lee-Enfield, iliyokuwa bunduki ya jeshi la Uingereza na ya askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, anastahili pongezi hasa kwa yale anayojizuia kuyafanya. Msasa ungeung'arisha mti wa mjozi upesi, lakini ungekula mihuri ya wakaguzi na kulegeza maungio ya mti na chuma. Badala yake hutandaza kitambaa chenye maji juu ya bonyeo, akapitisha pasi ya moto, na mvuke ukainua nyuzi za mti zilizolala. Kisha hupaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba baada ya jingine, akisubiri kila moja likauke. Wapo watakaosema anaremba chombo cha mauaji. La hasha, anahifadhi ushahidi, ndiyo maana makovu ya vita huyaacha. Kila anayejifunza historia mbele ya bunduki hiyo ana deni kwake.