Vita vya Kubuni na Wasomaji wa Kwetu

Riwaya iitwayo Red Storm Rising, ya Mmarekani Tom Clancy, ilitoka mwaka 1986. Nakala iliyofika Nyakatuntu ililetwa na kijana wetu mmoja aliyekuwa akisoma ng'ambo, nayo ikapita mikononi mwa walimu hadi jalada likang'oka. Ina zaidi ya kurasa 600, na si wote walioimaliza. Wasiojua Kiingereza tuliwasimulia jioni kwa Kinyambo, sura baada ya sura, na hao ndio waliokuwa na maoni mengi kuliko sisi tuliosoma wenyewe. Maoni yao ndiyo yaliyonifanya nikiandikie kitabu hiki kurasa chache.

Kisa chenyewe ni hiki. Watu kutoka Azerbaijan wanachoma kiwanda cha kusafisha mafuta huko Nizhnevartovsk, Siberia. Wakubwa wa Moscow, badala ya kununua mafuta kwa mahasimu wao, wanaamua kuteka visima vya Ghuba ya Uajemi. Na ili NATO isije ikawazuia, wanaona heri waipige kwanza hukohuko Ulaya. Basi vita vinawaka Ujerumani, vinaenea Atlantiki ya Kaskazini, na kisiwa cha Iceland kinatekwa. Bomu la nyuklia halipigwi hata moja.

Clancy, aliyefariki mwaka 2013, hakupata kuwa askari. Alikuwa akiuza bima. Baadhi ya mapigano ya baharini aliyapima pamoja na Larry Bond, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, kwa kutumia mchezo wa kivita uitwao Harpoon ambao Bond mwenyewe aliubuni. Jambo hilo linaonekana. Manowari na makombora yameelezwa kwa upendo, watu wameelezwa kwa haraka. Vijana wa sekondari walikipenda kwa sababu hiyohiyo. Wao walihesabu nyambizi kama wanavyohesabu magoli ya Simba na Yanga, nami sina zaidi la kusema juu yao. Waliozoea Willy Gamba wa Elvis Musiba walinung'unika kwamba hapa hakuna shujaa mmoja wa kumfuata.

Mzee mmoja wa kwetu, aliyekwenda na JWTZ hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, alikisifu kuliko nilivyotazamia. Hakusifu makombora. Alisifu misafara ya meli za mizigo, ambayo kitabu kinaifuatilia kwa makini: zisipovuka Atlantiki, majeshi ya Ujerumani yataishiwa. "Huyu bwana anajua kwamba askari hula," alisema. Lakini alikuwa na shitaka moja. Vita vyake yeye vilikuwa vya miguu, kutoka Mutukula kwenda Masaka na kuendelea mbele, mzigo mgongoni na matope hadi gotini. Katika kitabu watu huruka, huendesha, huzamia. Wanaotembea kwa siku nyingi ni kikundi kidogo tu kule Iceland, kinachoongozwa na Edwards, luteni mtaalamu wa hali ya hewa. Mzee alisema sura hizo ndizo za kweli, nami nakubaliana naye. Mtu anapotembea, mwandishi hulazimika kumwona.

Katika safari hiyo Edwards anamwokoa msichana Vigdis, mja mzito, ambaye askari wa Kisovieti wamemnajisi na kuwaua wazazi wake. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mke wa mwalimu mwenzangu mmoja ni mzaliwa wa Missenyi. Majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 alivuka mto Kagera na mtoto mgongoni, kabla daraja la Kyaka halijavunjwa. Nilipofika pale ambapo msichana na luteni wanaanza kupendana, alinikatiza.

"Mwalimu, hao wazazi wamekufa lini?"

"Siku chache tu zilizopita, mama."

"Basi huyo aliyeandika hajafiwa."

Mume wake alimtetea Clancy, kwamba riwaya ya mapigano haina nafasi ya matanga, na kwamba angalau raia ametajwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini naona mama yule aliona kasoro halisi: msichana ameumizwa ili luteni apate sababu ya kuwa shujaa, kisha akapewa kama zawadi. Iceland haina jeshi, ni nchi nzima ya raia, na bado katika kurasa zote hizo wenye kisiwa ni kama hawapo.

Mimi mwenyewe naona udhaifu mkubwa zaidi uko mwishoni. Jemadari Alekseyev na mwenzake wa NATO wanakubaliana kusitisha mapigano, na kitabu kinafungwa. Kwetu bunduki ziliponyamaza ndipo Mwalimu Nyerere alipotutaka tufunge mkanda kwa miezi 18, nayo ikazidi sana. Gharama ya vita hivyo kwa Tanzania hutajwa kuwa kama dola milioni 500. Sabuni, sukari na mafuta ya taa viliadimika hata mwalimu akaandaa masomo yake kabla jua halijazama. Henry Muhanika alivitungia vita vyetu utenzi, uliochapwa mwaka 1981. Riwaya nene ya miaka ile ya kufunga mkanda bado naisubiri, na ningependa iandikwe na mtu wa Missenyi.

Nilipomaliza kusimulia, mama yule, ambaye ng'ombe wa baba yake walichukuliwa wote na askari wa Amin, aliuliza kama watu wa Iceland walirudishiwa kondoo wao. Nilipekua tena sura ya mwisho kwa ajili yake. Mna majemadari wawili wanazungumza.