Bushi na Linki za Stabilaiza

Chuma cha stabilaiza kimepindwa mfano wa herufi U na kukaa chini ya lori, kimeshikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira, na ncha zake zimeungwa na ekseli kwa linki mbili fupi. Magurudumu ya pande zote mbili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma hicho hakina kazi. Hugeuka tu ndani ya bushi zake. Lori likiingia konani na mzigo ukaelemea upande mmoja, ndipo chuma hujisokota na kuirudisha bodi wima. Stephen Coleman wa Fredericton, Kanada, alipewa hataza ya kifaa hiki mwaka 1919, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Chuma chenyewe hudumu. Mpira na vifundo vya linki ndivyo vinavyokwisha.

Kazi ya kuvibadili huanzia masikioni. Linki iliyolegea hugonga gari likienda polepole kwenye rasta au barabara ya changarawe, mlio mkavu na wa haraka. Shokapu iliyokufa huliacha gari likinesa na kuruka baada ya tuta kupita. Boljointi mbovu husikika zaidi usukani ukikatwa. Fundi wa zamani wa mtaa wa Gerezani alimwambia dereva aende mwendo wa mtu, naye akatembea ubavuni mwa gari, kiganja juu ya madigadi, akisikiliza kwa mkono kama kwa sikio. Kisha aliingia uvunguni magurudumu yakiwa bado chini, akaishika linki na kuitikisa. Hakupandisha jeki upande mmoja kwanza, kwa sababu alijua kwamba gurudumu moja likinyanyuliwa chuma hujisokota, kikaivuta linki, na ule ulegevu unaotafutwa ukafichika. Mwanagenzi aliyesimama kando hakufundishwa jambo hilo kwa maneno. Aliliona likifanywa mpaka likamwingia. Siku hizi gereji nyingi hukisia. Hubadilishwa shokapu, halafu boljointi, halafu bushi za springi, mpaka mlio unyamaze au mfuko wa mwenye gari ukauke.

Ukaguzi ukiisha, gari hunyanyuliwa pande zote mbili kwa usawa na kuwekwa juu ya stendi. Tofali si stendi, ingawa wako wanaolitumia kila siku. Usawa huo ndio unaokiacha chuma kikiwa kimetulia. La sivyo, nati ya mwisho ikitoka chuma huruka kwa nguvu iliyomo ndani yake, na vidole vilivyo karibu huumia.

Nati za linki hushikwa na kutu, hasa kwenye magari ya Tanga na Mombasa yanayokula hewa ya chumvi. Dawa yake ni brashi ya waya, mafuta mepesi na subira. Kwenye linki yenye boljointi, pini huzunguka pamoja na nati, kwa hiyo hushikwa kwa ufunguo wa pembe sita huku spana ikifungua. Asiye na subira huwasha gesi na kukata, akaunguza na mipira iliyo jirani ambayo haikuwa na kosa. Linki hubadilishwa zote mbili, kwa kuwa zimetembea njia moja.

Bushi zinahitaji kipimo. Pikapu mbili za aina moja na mwaka mmoja zaweza kuwa na vyuma vya unene tofauti, na tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana: chuma kikizidi unene kwa asilimia 10, ukinzani wake wa kusokotwa huongezeka kwa takriban asilimia 46. Bushi yenye tundu kubwa hugonga tangu siku ya kwanza. Pale chuma kinapokaa bushi husuguliwa kwa msasa, kisha mpira mpya huingizwa kwa maji ya sabuni au grisi ya silikoni, mpasuko wake ukielekea ulikoelekea ule wa zamani. Grisi ya kawaida huuvimbisha mpira wa asili na kuuozesha. Palikuwa na mafundi waliochonga bushi kwa kisu kutoka tairi kuukuu la lori, wakipima kwa jicho na kupunguza kidogo kidogo mpaka ikabana sawasawa. Haikuwa sawa na ya kiwandani, lakini iliheshimu chuma kuliko bushi nyingi za leo zinazouzwa zikiwa ndani ya pakiti nzuri, ambazo mpira wake hupasuka kabla ya masika kurudi.

Hatua inayorukwa zaidi ni ya mwisho. Nati na vibanio vya bushi hukazwa nusu tu gari likiwa juu, halafu gari hushushwa likasimama kwa uzito wake, ndipo hukazwa kabisa. Vikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubanwa ukiwa umepinda, na gari likishushwa hubaki umesokotwa usiku na mchana, gari likisimama au likitembea, hadi uchanike. Fundi aliyekubali kulala tena uvunguni kwa ajili ya robo mzunguko wa nati alikuwa akimfanyia mteja kazi ambayo mteja asingeiona kamwe, wala kuilipia.

Sasa yako magari ambayo linki zake zikivunjika chuma hufungwa kwa waya, au hutolewa chote na kuuzwa chuma chakavu, na mlio ukiisha mwenye gari hushukuru. Malori kama hayo hupandishwa mlima Kitonga yakiwa na shehena, yakilala kila kona, na utingo akidhani ndiyo desturi ya gari kuukuu. Pale kazi inapofanywa kikamilifu, gari hurudishwa baada ya kilomita mia kadhaa ili nati zikaguliwe tena, maana mpira mpya hujipanga na kuzilegeza kidogo. Wachache hurudi, na gereji nyingi zimeacha kuwaambia.